Miraba inayokua kila safu: jibu kwa msomaji wa Mafinga

Swali: Shikamoo mama. Niko Mafinga na ninamshonea bibi yangu wa Makete blanketi la viraka vya vitenge, nataka limfikie kabla ya baridi ya Juni. Kila mraba uwe inchi 4 ukishashonwa, miraba 14 kwa safu, safu 16. Mraba wa kwanza niliupima kwa futi ya kamba, nikaukata inchi 4 na nusu. Halafu nikawa nauweka juu ya kitambaa kilichokunjwa matabaka sita, nauzungushia chaki, nakata. Ulipoanza kuchanika nyuzi nikachukua mwingine kati ya ile niliyokwisha kukata, nikaendelea. Nimeshashona safu 12. Safu ya 1 ina inchi 56 na nusu, ya 12 ina inchi 58 na robo. Nikizipanga pembe hazikutani, na katikati panavimba kama chapati. Fundi jirani yangu anasema mkono wangu haujakomaa. Je, kosa ni la mkono, la mkasi au la futi? Na hizi safu nilizoshona nizifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu, na kamwene kwa wote wa huko Mafinga.

Mkono wako hauna kosa, na ningependa jirani yako aipitie hesabu hii pamoja nawe. Kati ya safu ya 1 na ya 12 kuna tofauti ya inchi 1 na robo tatu. Igawe kwa miraba 14: unapata moja ya nane ya inchi kwa kila mraba, yaani milimita 3 na kidogo. Hakuna jicho litakaloziona milimita 3 kwenye kipande kimoja cha kitenge chenye maua mekundu na manjano. Zinakuja kuonekana zikishajipanga mstari, kama deni la duka la mtaani: mia tano leo, mia tatu kesho, mwisho wa mwezi unaitwa pembeni.

Sasa chukua safu ya 4 na ya 8 uzipime. Mkono mbaya hukosea huku na huku: safu moja fupi, inayofuata ndefu, nyingine sawa. Zako zikiwa zinapanda kama ngazi, ya 4 imezidi kidogo ya 1, na ya 8 imezidi ya 4, basi kosa liko kwenye ile sentensi uliyoipita haraka, kwamba mraba wa kwanza ulipochakaa ulichukua mwingine.

Mraba wa kitambaa ukiuzungushia chaki, mstari haukai juu ya ukingo wake, unakaa nje yake. Chaki ya fundi isiyochongwa inaacha mstari wa milimita 2, mara nyingine 3. Ukikata katikati ya mstari wa milimita 2 umeongeza milimita 1 kila upande, kwa hiyo mraba mzima umezidi kwa milimita 2. Mraba huo ukiufanya kipimo, utakaokatwa juu yake utazidi ule wa kwanza kabisa kwa milimita 4. Vizazi viwili tu, na umeshafika ulipofika. Hukupima vibaya. Ulipima mara moja, kisha ukaviacha vipande vipimane vyenyewe.

Nimekaa na cherehani Mwanjelwa, hapa Mbeya, muda mrefu, na kosa hili ndilo ninalokutana nalo kuliko mengine yote kwa wanaoanza viraka, hata kwa mafundi wazuri sana wa magauni. Gauni husamehe. Mwili ni laini, fundi anaacha akiba ya mshono ya kutosha, yaani kitambaa cha ziada kando ya mshono, mteja anakuja siku ya kujaribisha, panapobana panaachiwa na panapopwaya panabanwa. Blanketi la viraka halina siku ya kujaribisha. Lako lina mishono mifupi 208 kabla hata hujaanza ile mirefu ya kuunganisha safu, na kila mmoja unategemea kwamba vipande viwili vinavyokutana vilizaliwa na kipimo kimoja. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba anayeshona vizuri lazima akate viraka vizuri. Ni kazi mbili.

Unachohitaji ni kiolezo kigumu, kimoja, kitakachokaa na blanketi hili tangu mraba wa kwanza hadi wa 224. Nenda kwa seremala umwombe kipande cha hadibodi, masalio tu, akukatie mraba wa inchi 4 na nusu kwa skwea yake, si kwa macho. Kabla hujaondoka, kihakiki mbele yake. Pande zote nne ziwe inchi 4 na nusu kamili, lakini usiishie hapo, maana kiolezo kinaweza kuwa na pande nne sawa na bado kikawa kimeegemea kama nyumba ya tope iliyopigwa na mvua. Pima kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Vipimo hivyo viwili vilingane, na kwa mraba wa inchi 4 na nusu viwe karibu sana na inchi 6 na tatu ya nane. Kimoja kikizidi kingine, mrudishie akirekebishe. Atakuelewa, seremala naye anaijua shida ya pembe. Halafu lainisha kingo kwa msasa, na kipande kingine cha msasa huohuo ukigundishe upande wa chini, punje zikitazama kitambaa. Kiolezo hakitateleza tena. Mwisho andika juu yake kwa kalamu ya wino: KATA 4½. Siku utakapokuwa na violezo vitatu vinavyofanana utaona faida yake.

Usitumie boksi wala jalada la daftari. Mimi nilianza na jalada gumu la kaunta buku, na yangu yalikuwa kinyume cha yako: miraba ilikuwa inapungua. Penseli hula ukingo wa karatasi kila ikipita. Nilipofika kama mraba wa mia pembe zilikuwa zimeshakuwa za mviringo, na nilikuwa nimelaumu kitambaa, nikalaumu pasi, nikalaumu mpaka taa ya chumbani, kabla sijakiweka kile kijalada juu ya rula. Wapo wanaotumia kioo kilichokatwa na fundi vioo na kusagwa kingo. Ni kizuri kwa sababu unaona maua na nyuzi chini yake, ila nyumba yenye watoto wadogo haifai kuwa nacho.

Kuhusu futi ya kamba, iache kazi yake iwe ya kupima kiuno na mabega. Ni ya plastiki au kitambaa, inavutika kadiri inavyotumika, na kile kibati cha mwanzoni mara nyingi kimelegea au kimekatika. Kiolezo kipimwe kwa rula ya chuma. Ukilazimika kutumia futi, ilaze kando ya rula hiyo ulinganishe sentimita 30 za mwanzo, kisha sentimita 30 za katikati, na ukipima anzia kwenye alama ya inchi 1, siyo kwenye ncha. Tena usichanganye pande mbili za futi. Inchi 4 na nusu ni sentimita 11.43. Anayeikadiria kuwa 11.5 ameongeza milimita 0.7, na kwenye safu ya miraba 14 hiyo inakaribia sentimita 1 nzima. Anayependa sentimita afanye yote kwa sentimita: mraba uliomalizika 10, akiba ya mshono 0.75 kila upande, mraba wa kukata 11.5. Hesabu hiyo ni safi, ila mtu asihame katikati ya kazi.

Sasa nije kwenye kuvimba kama chapati, maana hapo hadibodi peke yake haitakuokoa, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko hata futi.

Shika kipande chochote cha kitenge kilicho karibu nawe sasa hivi. Kivute kwa urefu, sambamba na pindo la kiwandani: hakivutiki. Hizo ni nyuzi za mtande, ndizo zilizokazwa kwenye mtambo wa kufumia. Kivute kwa upana: kinaachia kidogo. Hizo ni za mshindio. Kisha kishike pembe kwa pembe, mshazari, uvute. Umeona kinavyorefuka kama mpira? Mraba ambao pande zake zinafuata nyuzi hukaa ulivyokatwa. Mraba uliopinda, hata kwa kiasi kidogo, pande zake ziko kwenye mshazari, nazo zitarefuka ukiziburuta chini ya mguu wa cherehani na zitarefuka tena chini ya pasi. Ukiushona pamoja na jirani yake uliokatwa sawa, mmoja unakua, mwingine umesimama, na ule ukuaji unatafuta pa kwenda. Unakwenda juu. Hiyo ndiyo chapati yako.

Wengi wetu tunapenda ua la kitenge likae katikati ya mraba, na ninahisi wewe pia ulifuata maua. Maua ni ya mchapaji, nyuzi ni za mfumaji, na wawili hao hawakukaa pamoja. Kitambaa kikivutwa upande wakati wa kuchapwa, michoro inakaa imeinama, na mistari inayoonekana imenyooka kumbe inakata nyuzi kwa pembe. Kanga ndiyo usiiamini kabisa; pindo lake lililochapwa mara nyingi halifuati uzi hata nusu ya safari. Fuata uzi, na ua likikatika sikio, likatike. Blanketi likishaenea kitandani macho huona rangi, hayaoni ua moja moja.

Uzi unaupataje? Umewaona wauzaji wa vitenge pale Mwanjelwa, au hapo kwenu sokoni: anakata kidogo kwa mkasi kwenye pindo, anashika pande mbili, anachana. Hafanyi hivyo kwa haraka tu. Mpasuko wa kitambaa cha pamba unafuata uzi mmoja tangu pindo hadi pindo, na hakuna rula yenye kunyooka kuliko huo uzi. Fanya vivyo hivyo nyumbani: chana ncha moja ya kitambaa, punguza nyuzi zilizojikunja ukingoni, na hapo umepata mstari wa kuanzia. Kitambaa kikubwa ukishakichana ncha zote mbili kikunje pindo kwa pindo uangalie kama pembe zinakutana. Zisipokutana, mwite mtu mshike pembe mbili zinazotazamana, zile zilizo karibu zaidi, mvute taratibu mara kadhaa mpaka kikae sawa. Vipande vidogo ulivyoomba kwa mafundi havichaniki vizuri. Hivyo chomoa uzi mmoja kwa ncha ya pini. Utaacha kijia chembamba cheupe, weka ukingo wa kiolezo juu ya kijia hicho.

Lile pindo lenyewe, ule ukingo mgumu wa kiwandani, likate ulitupe. Limefumwa kwa kukaza zaidi, likifuliwa linajikusanya tofauti na kitambaa kingine, nalo litakusokota mshono mzima.

Yote haya yanakuja baada ya kufua. Kitenge kipya kina wanga mwingi na kitapungua kikiloa mara ya kwanza. Kipungue kwenye beseni, kisipungue kikiwa kimeshashonwa na kanga ambayo imefuliwa miaka mitatu. Vyekundu na vya rangi ya nili vifue peke yake, kisha visugue kwa kipande cheupe kilicholoa. Kipande hicho kikichukua rangi, rudia kufua mpaka kisichukue tena. Chumvi tunayowekewa na wazee haizuii kitu kwenye rangi za viwandani za leo. Kama hujui kitambaa ni pamba au la, choma uzi wake mmoja: pamba inanukia karatasi iliyoungua na majivu yake yanapondeka vidoleni, polista inayeyuka na kuwa kijiwe kigumu. Usivichanganye kwenye blanketi moja. Pasi ya kunyoosha pamba itaikunja polista.

Na usipime kitambaa chenye unyevu. Hili tunaoishi nyanda za juu linatuhusu kuliko watu wa pwani. Mwaka mmoja nilikuwa Tukuyu mwezi wa Aprili, ninakata miraba ya blanketi la mtoto wa dada yangu. Mvua haikatiki, nguo zinakaa siku tatu kwenye kamba. Nilivipiga pasi vitambaa vikaonekana vimekauka, nikakata usiku uleule. Wiki iliyofuata, nyumbani Mbeya, nusu ya miraba ilikuwa midogo kuliko kiolezo. Pasi ilikuwa imevirefusha vikiwa na maji ndani, na vilipokauka vilirudi vilikotoka. Piga pasi kikiwa na unyevu kidogo, sawa, ndivyo kinavyonyooka. Lakini kisha kiache kimelala wazi mezani mpaka kikauke na kupoa kabisa ndipo uguse kiolezo. Pasi yenyewe iinue na kuikandamiza, inua na kandamiza. Ukiiburuta, hasa ile nzito ya mkaa, unakivuta kitambaa bila kujua.

Chaki ichonge mpaka iwe na ukali kama wa kucha, au utumie kipande cha sabuni kilichobaki chembamba, kinatoa mstari mzuri kwenye vitambaa vya giza na hufutika kwa maji. Kwenye vitambaa vyeupe, penseli iliyochongwa, upande wa nyuma. Kisha amua jambo moja na usilibadilishe: mkasi unapita ndani ya mstari, ukigusa kiolezo kilipokuwa, na mstari wenyewe unabaki kwenye takataka. Kila mraba, kila upande. Anayekata leo ndani kesho katikati amerudi kule kwenye milimita zetu.

Matabaka sita ni mengi mno kwa mkasi. Mkasi ukifunga unasukuma kitambaa mbele na pembeni, la juu linatoka kubwa, la chini linatoka dogo na limepinda. Mawili, na uyabane kwa pini. Matatu kama mkasi wako ni mrefu na umenolewa na fundi anayejua. Kitambaa kilale mezani na ubapa wa chini wa mkasi utembee juu ya meza, usikiinue hewani; mkono mwingine ukilaze bapa juu ya kiolezo. Kata kwa mdomo mrefu wa mkasi na usiufunge hadi nchani isipokuwa unapomaliza, maana kila unapofunga ncha unaacha kijino. Na mkasi huo usikate karatasi, hata ya daftari la mtoto.

Wengi huniuliza kuhusu kile kisu cha gurudumu kinachoonekana kwenye video, chenye duara kali linaloviringika kando ya rula. Ni kifaa kizuri. Kilitoka kwenye kampuni ya Olfa ya Japani mwaka 1979 na kilibadilisha kabisa namna watu wa viraka wanavyokata. Ila kinahitaji mkeka wake maalumu chini na rula yake nene, bila hivyo unaharibu meza na vidole. Ukikipata, vizuri, na ukifunge kila unapokiweka chini. Usipokipata usisimamishe kazi. Watu walikata viraka vya pembe kali kwa mkasi kwa vizazi na vizazi.

Kwa safu zako 4 zilizobaki una miraba 56 ya kukata, na kwa vitambaa vikubwa nakushauri ukate ukanda kwanza, mraba baadaye. Kitenge cha upana wa inchi 45 ukishatoa mapindo unabaki na kama inchi 44. Chora ukanda wa upana wa inchi 4 na nusu kutoka ule mstari uliochanwa, ukate wote, kisha weka kiolezo juu ya ukanda ukate miraba. Unapata 9 na kipande kidogo cha kubaki. Faida yake ni kwamba pande mbili za kila mraba zimeshanyooka pamoja kwa mkato mmoja mrefu. Mita moja inakupa kanda 8, miraba 72. Jihadhari na kitu kimoja: ukikata ukanda kitambaa kikiwa kimekunjwa mara mbili, na mkunjo haukukaa sawasawa na uzi, ukiufungua ukanda utaukuta umevunjika katikati kama kiwiko. Ukikiona kiwiko, usiendelee kukata. Kunja upya.

Kabla hujashona tena, lipime na cherehani lako, kwa sababu mshono nao hupima. Akiba ya robo inchi inatoka kwa kila kipande, hivyo kila mshono unameza nusu inchi. Ukishona pana kwa moja ya kumi na sita tu ya inchi, mishono 13 ya safu moja imekumezea inchi 1 na tano ya nane. Kata vipande vitatu vya upana wa inchi 1 na nusu, urefu wowote, uvishone pamoja kwa urefu, uvipige pasi. Kile cha katikati kiwe na inchi 1 kamili. Kikiwa chembamba, unashona pana. Kikiwa kipana, unashona finyu. Usiamini ukingo wa mguu wa cherehani kwamba ni robo inchi, mashine hazifanani. Ukishapata mahali sahihi, bandika pale kwenye bamba la chini ya sindano tabaka mbili tatu za plasta au gundi ya karatasi, iwe ukuta ambao kitambaa kitatembea kando yake. Mimi nashona kwa ufinyu wa unyuzi mmoja kuliko robo kamili, kwa kuwa ule mkunjo wa mshono ukilazwa kwa pasi nao hula kidogo.

Sasa zile safu 12. Habari njema ni kwamba zako zimekua, hazikupungua. Kubwa hupunguzwa; dogo ndilo lisiloongezwa. Safu ya 1 iko sahihi: miraba 14 ya inchi 4 na nusu ukitoa mishono 13 ya nusu inchi ni inchi 56 na nusu, ndivyo ulivyopata. Pima zilizobaki moja moja, na zile zilizozidi hiyo kwa zaidi ya robo inchi uzifumue. Najua inauma. Fumua kwa wembe wa kufumulia au mkasi mdogo, ukikata uzi mmoja kila baada ya tundu tatu za sindano na kuuchomoa wa upande wa pili. Ukizivuta kwa nguvu utarefusha kingo ambazo tunajaribu kuziokoa. Piga pasi kila mraba, uache upoe, uweke hadibodi juu yake ukiilinganisha na nyuzi na si na ukingo wa zamani, ndipo upunguze pande zote nne. Usikate upande mmoja tu wenye ziada, maana kama mraba umepinda utaendelea kuwa umepinda.

Utakuta mingine imelala mshazari kiasi kwamba ukiinyoosha kwa uzi haitoshi tena inchi 4 na nusu. Hiyo ina njia mbili. Kama ni michache, kata mipya. Kama kitambaa chenyewe ni cha thamani, labda kanga ya mama, chovya mraba kwenye wanga mwepesi wa unga wa muhogo, uuanike bapa, uupige pasi. Utakuwa mgumu kama karatasi na hautavutika wakati wa kushona. Upange katikati ya blanketi, siyo pembeni, na ukishamaliza yote ulifue blanketi, kwa kuwa wanga huita wadudu na panya.

Unapoziunganisha safu, mishono ya safu moja ilaze yote kulia, ya safu inayofuata yote kushoto. Pembe zikikutana, mishono hiyo miwili itabanana kama milango miwili inayofungana, utaihisi kwa kidole kabla hujaweka pini. Weka pini kwenye kila pembe, siyo kwenye ncha za safu tu.

Hukuuliza kuhusu pindo la kuzungushia, lakini najua utafika huko, kwani inchi 56 kwa 64 bado ni fupi kwa baridi ya Makete. Pindo la inchi 4 kila upande litalifikisha inchi 64 kwa 72. Urefu wa pindo usiupime kando ya blanketi; kando hurefuka kwa kushikwashikwa. Pima katikati, juu hadi chini, ukate mapindo mawili ya urefu huo, uyabane kwa pini na kulilazimisha blanketi likae ndani yake. Ukishamaliza mawili ya ubavuni pima tena katikati, safari hii kulia hadi kushoto, ndipo ukate ya juu na ya chini. Ndani weka blanketi kuukuu lililokwisha kufuliwa mara nyingi, halitapungua tena.

Anza na kufumua safu ya 12, ndiyo mbaya kuliko zote na ndiyo itakayokuonyesha kama hadibodi yako inafanya kazi. Ukiishona upya, ipime kabla hujagusa ya 11. Ikisoma inchi 56 na nusu, mwite jirani yako aione.